Palaeomutela au Palaeanodonta? Makombe ya Permi kutoka Bonde la Ruhuhu

Kibamba46

Wakuu salaam. Nipo Dar, nina mabamba 46 ya mwamba wa tope wa kijivu kutoka Bonde la Ruhuhu, upande wa Songea. Lebo inasema tu "Ruhuhu, Karoo, K6?" (Karoo ni mfululizo wa matabaka ya kale ya miamba), na alama ya kuuliza imo kwenye lebo yenyewe. Yamejaa makombe. Karibu yote ni kalibu za ndani, yaani tope lililojaza ndani ya gamba na kuwa mwamba, gamba lenyewe limeshayeyuka.

Kwa macho naona makundi matatu. Makubwa yana urefu wa mm 28 hadi 36, marefu na membamba, kimo kikigawanywa kwa urefu napata kama 0.50. Ya kati yana mm 9 hadi 14, ni mviringo zaidi, uwiano 0.63. Halafu kuna madogo kabisa ya mm 4 hadi 6, meusi, yanang'aa, yana mistari mingi myembamba iliyopangika vizuri mno.

Bawaba, ule ukingo magamba mawili yanapoungana, inaonekana kwenye vielelezo vitatu tu. Viwili naona havina meno. Kimoja kina safu ya vinundu vidogo. Je, nina spishi tatu? Na hayo makubwa niyaite Palaeomutela au Palaeanodonta?

Nimejaribu pia kutoa nakala kwa lateksi (mpira wa majimaji), inajaa mapovu na inachanika pale pale penye bawaba. Nikipaka unga mweupe wa amonia kloraidi kwa ajili ya picha, baada ya dakika chache unalowa na kuwa mabaka. Nisaidieni.

---

Bawaba_na_Meno

Mkuu, nianze na bawaba, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Jenasi zote mbili zilipewa majina na Amalitsky, Mrusi, kutokana na makombe ya kwao ya maji baridi ya Permi (kipindi cha kale kilichotangulia Triasi), na mwaka 1895 akayalinganisha na ya Karoo ya Afrika Kusini. Kwa umbo la nje zinakaribiana mno. Kinachozitenga ni bawaba: Palaeomutela ina safu ndefu ya vijino vidogo visivyolingana, vinavyopita chini ya kilele (ile nundu ya gamba iliyo karibu na bawaba) kwenda mbele na nyuma, Palaeanodonta haina meno. Sasa angalia mtego ulipo. "Haina meno" na "meno sijayaona" ni maneno mawili tofauti kabisa, na kwenye kalibu iliyobanwa na uzito wa tabaka, ukingo wa juu ndio unaovunjika wa kwanza. Kila kombe lisiloonyesha bawaba likitupwa Palaeanodonta, jenasi hiyo inageuka kuwa pipa la takataka. Kwenye daftari lako weka safu ya bawaba yenye majibu matatu: meno yapo, meno hayapo, bawaba haionekani. Jibu la pili usiliandike mpaka uwe umeona ukingo wote wa bawaba, mzima, kuanzia mbele hadi nyuma, bila ufa.

Ukumbuke pia kwamba unatazama kalibu ya ndani, si gamba. Mambo yote yamepinduka. Jino la gamba huonekana kama kishimo kwenye kalibu, na kishimo cha gamba huonekana kama kinundu. Kwa hiyo vile vinundu unavyoviona si meno, ni tope lililojaza nafasi zilizo kati ya meno. Safu yenyewe ipo, hilo ni habari njema, lakini usihesabu vinundu ukaandika ndiyo idadi ya meno.

Na yale mawili "yasiyo na meno", yarudie chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 10 hadi 20. Taa moja tu, iwe chini, nyuzi 15 au 20 kutoka usawa wa bamba, halafu zungusha bamba polepole mzunguko mzima. Kijino cha nusu milimita hakionekani kabisa mwanga ukija kutoka juu. Kikipata kivuli kinajitokeza. Tope likiwa bado limeganda ukingoni, litoe kwa sindano ya chuma iliyonolewa, ukisukuma kutoka kwenye kisukuku kwenda nje, kamwe usikwaruze kuelekea bawaba.

Kabla ya hapo hakikisha unajua mbele na nyuma. Vilele vya makombe mengi huinama kuelekea mbele, na ligamenti ya nje hukaa nyuma ya kilele. Likamate kombe bawaba ikiwa juu na mbele ikielekea mbali nawe: gamba la mkono wa kulia ndilo la kulia. Kalibu ya ndani inatunza upande wake, kalibu ya nje inaugeuza kama kioo, kwa hiyo alama ya nje ya gamba la kulia itakudanganya kuwa ni la kushoto. Kwenye kombe wa leo, kama wa jamii ya Veneridi unaowaokota ufukweni, unaweza kutambua nyuma kwa ghuba, yaani mpindo unaoingia ndani, iliyo kwenye mstari wa joho (alama ya utando wa mnyama ndani ya gamba). Makombe mengi ya Paleozoiki, enzi inayoishia na Permi, hayana ghuba hiyo, usiitafute.

Ukitaka kuzoesha jicho safu ya vijino, okota gamba la Anadara maji yakitoka, hapo Kunduchi au Msasani. Bawaba yake ni kama chanuo. Kandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha tazama alama: hivyo ndivyo kalibu inavyogeuza mambo. Lakini ni zoezi la jicho tu. Vijino vya Anadara vimepangika sana, vya Palaeomutela vimevurugika, vingine vimelala, vingine vimegawanyika.

---

Tabaka_la_Chini

Naongezea jambo ambalo kwangu linatangulia hata bawaba: ile alama ya kuuliza kwenye lebo.

K6 katika mpangilio wa zamani wa Ruhuhu ndiyo Formesheni ya Usili, Permi ya mwisho. K7 ni mawe ya mchanga ya Kingori, na K8 ni Manda, ambayo ni Triasi. Manda nako kuna makombe ya maji baridi. Mtafiti Cox alieleza kombe Unio karrooensis kutoka Tanganyika mwaka 1932. Maana yake kombe refu la mm 30 lisilo na bawaba linaweza kutoka upande wowote wa mpaka wa Permi na Triasi, yaani upande wowote wa miaka milioni 252 iliyopita. Ukisema "ni K6 kwa sababu lina Palaeomutela", halafu ukasema "ni Palaeomutela kwa sababu ni K6", umezunguka mbuyu na kurudi pale pale.

Umri utafute nje ya makombe. Angalia kama kuna kipande cha mfupa kwenye bamba lolote. Tafuta daftari la uwandani la aliyekusanya, jina la kijito au kijiji linatosha kwa kuanzia. Na kwa kuwa mwamba wako ni wa kijivu, si mwekundu, una nafasi nzuri ya kupata chavua. Kata gramu 20 hadi 30 kutoka nyuma ya bamba, pasipo na kisukuku, ufunge kwenye mfuko safi. Kuyeyusha mwamba wa aina hiyo kunahitaji asidi haidrofloriki, ambayo inaua, kwa hiyo kazi hiyo ni ya maabara yenye vifaa vyake tu. Mwamba mwekundu usihangaike nao, chavua huwa imeshaoksidishwa.

Pili, usiache Kidodia nje ya ulinganisho. Cox aliianzisha mwaka 1936 kwa makombe ya Karoo ya Tanganyika, na jina lenyewe linabeba Kidodi, ya Morogoro. Watu wanabishana Palaeomutela au Palaeanodonta kana kwamba uchaguzi ni wa majina mawili tu ya Urusi, na jenasi yenye jina la hapa nyumbani wanaisahau.

Tatu, hayo madogo meusi ya mm 4 hadi 6. Nina shaka kubwa kama ni makombe. Yanasikika kama konkostraka, wale jamaa wa kamba wenye magamba mawili. Wanapojivua ngozi, gamba la nje halidondoki, ndiyo maana mistari inajipanga kwa nidhamu namna hiyo. Weka moja chini ya ukuzaji wa mara 40 utazame katikati ya mstari na mstari. Ukiona mtandao wa vijumba vidogo au vijistari, si kombe. Gamba lao ni jembamba kama karatasi, mara nyingi limekunjamana badala ya kuvunjika, halina meno, halina alama mbili za misuli ya kufunga. Likiwa na mbavu chache zinazotoka kileleni kama miale, fikiria Leaia. Yatenge kwenye trei yake, wala usiyatupe, kwa kupanga matabaka yana thamani kubwa.

---

Mdau_Kigamboni

Mbona picha za Carbonicola zinafanana kabisa na hayo makubwa? Nimeziona, umbo ni lile lile.

---

Bawaba_na_Meno

Umbo ndiyo, ndugu. Carbonicola ni ya matabaka ya makaa ya mawe ya Karboni, kipindi kilichotangulia Permi, huko Uingereza na Ulaya. Kombe linalojichimbia kwenye tope la ziwa au mto hurefuka hivyo hivyo, liwe la Karboni, la Permi, au la leo. Hata jina Palaeomutela limetokana na Mutela, kombe hai wa Afrika, ambaye yumo Ziwa Nyasa, ziwa lile lile ambalo mto Ruhuhu unamwaga maji yake. Kufanana huko peke yake hakuthibitishi ukoo. Bila bawaba na alama za misuli, umbo refu linatuambia zaidi jinsi mnyama alivyoishi kuliko alikotoka.

---

MamaHadubini

Mwanangu Kibamba, nikujibu ya maabara.

Mapovu yanatokana na tabaka la kwanza kuwa zito. Lateksi nzito inapita juu ya kishimo kama ngozi ya ngoma na kufungia hewa ndani, na vishimo vya bawaba ndivyo vidogo kuliko vyote. Fanya hivi. Mwamba wa tope usiuloweshe, unavimba na kumeguka. Uimarishe kwanza kwa Paraloid B-72 (gundi ya plastiki) iliyoyeyushwa kwenye asetoni kwa asilimia 5, tone kwa tone kwa brashi, uache usiku kucha. Ukizidisha, unapata ngozi inayong'aa inayofunika vijino. Ikitokea, ifute kwa asetoni safi, inatoka.

Tabaka la kwanza la lateksi lipunguze kwa maji yaliyochujwa, sehemu moja ya maji kwa tatu za lateksi, na tone moja la sabuni ya maji ili ishike. Tone wino mweusi pia, maana nakala nyeupe haipigiki picha. Paka kwa brashi laini kuanzia kwenye bawaba, halafu puliza taratibu kwa mpira wa mkono mpaka uone imeingia vishimoni. Chini ya hadubini, kila povu ulitoboe kwa sindano kabla halijakauka. Subiri ikauke kweli. Hapa Dar, hasa masika, saa nane kwa tabaka si nyingi, hata feni ikiwa inazunguka. Tabaka la pili juu ya lililo bichi ndilo linaloleta kuchanika, kwa sababu ndani pamebaki maziwa. Weka matabaka matano au sita, na kati ya la tatu na la nne lala kipande cha shashi. Shashi isifike kwenye tabaka la kwanza, nyuzi zake zitajichora kwenye nakala.

Wakati wa kubandua, anza pembeni pande zote uje katikati, bawaba iwe ya mwisho, na uvute ukifuata urefu wa bawaba, usivute kuikata. Nyunyiza poda ya mtoto mara tu inapotoka, la sivyo itajikunja na kunata. Andika namba ya kielelezo mgongoni siku hiyo hiyo. Tena jua kwamba lateksi haidumu. Kwa joto na mwanga wa huku inanata au inakakamaa baada ya miaka. Ya kutunza toa kwa silikoni, hata ile ambayo madaktari wa meno huchukulia alama za kinywa inafaa, inachora vizuri sana.

Unga mweupe kulowa ni unyevu wa hewa, si kosa la mkono wako. Amonia kloraidi inanyonya maji. Fanya ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa angalau saa moja kabla, kielelezo nacho kikae humo humo kizoee joto la chumba. Kielelezo kikitoka baridi kuingia kwenye joto kinatoa jasho. Kipashe kidogo chini ya taa kiwe vuguvugu tu, puliza moshi mwembamba wa unga huo, piga picha papo hapo. Tabaka liwe jembamba kiasi kwamba rangi ya mwamba bado inapenya kidogo. Ukipaka nene unafuta vijino ulivyovitafuta. Mwanga wa picha utoke juu kushoto, ndiyo desturi, msomaji asione shimo akadhani nundu. Moshi ule unakereketa kifua, fungua feni ya kutolea hewa. Na ukimaliza uondoe kwa brashi kavu, usiuache kwenye kielelezo chenye masalia ya kalsaiti, ukilowa unageuka kuwa na asidi na kuila.

Asidi haihusiki na mabamba yako. Inafaa kwa magamba yaliyogeuka silika ndani ya mawe ya chokaa, ambapo chokaa inayeyuka na gamba linabaki.

---

Kibamba46

Nashukuruni sana, wakuu, na mama shikamoo. Nimefanya kazi, majibu haya hapa.

Yale madogo meusi, mara 40: mtandao wa vijumba unaonekana wazi kwenye 7 kati ya 9 niliyotazama. Nimeyatenga.

Kwenye makubwa nimepata 11 yenye mistari ya ukuaji iliyo wazi, kwenye alama za nje. Nikaifuata mistari ya utoto. Kombe namba 17, kwa mfano, sasa lina urefu wa mm 32 na kimo mm 16, uwiano 0.50. Mstari wake wa ndani kabisa ninaoweza kuupima una urefu mm 12 na kimo mm 7.5, uwiano 0.63 hivi. Mstari wa mm 20 una kimo mm 11.4, sawa na 0.57. Yote 11 yanakwenda hivyo hivyo.

Bawaba: lateksi imekubali. Kielelezo chenye vinundu sasa kinaonyesha vijino visivyolingana mbele na nyuma ya kilele. Kati ya yale mawili, kimoja kina vijino hafifu upande wa nyuma, na kingine ukingo umevunjika, nimeandika "haionekani".

---

Bawaba_na_Meno

Namba 17 imekujibu. Akiwa na mm 12 alikuwa na umbo lile lile la kundi lako la kati. Hayo "ya kati" ni watoto wa makubwa, au angalau hakuna kitu kwenye umbo kinachoyatenga. Spishi ngapi za Permi zimetengenezwa kwa kumpa mtoto jina lake na mzazi lake, sitaki hata kufikiria.

Kabla hujafunga hesabu, ondoa shaka ya mwamba kukandamizwa. Chagua bamba moja lenye makombe mengi, ukipata 30 kwenye uso mmoja wa tabaka ni vizuri. Usichanganye mabamba, hujui kama ni ya siku moja au ya karne tofauti. Kwa kila kombe pima urefu, kimo, na umbali kutoka ncha ya mbele hadi kilele, kwa kalipa, kila kipimo mara mbili, na ukitofautiana kwa zaidi ya mm 0.3 rudia. Kisha pima kwa protrakta mwelekeo wa mhimili mrefu wa kombe ukilinganisha na ukingo mmoja wa bamba. Chora uwiano dhidi ya mwelekeo. Uwiano ukipanda na kushuka kadiri mwelekeo unavyobadilika, mwamba umevutwa upande mmoja, na makombe mafupi na marefu yanaweza kuwa kitu kimoja kilichovutwa tofauti. Ukitawanyika bila mpangilio, tofauti ni za makombe yenyewe. Yaliyopasuka kama jua kuanzia kileleni yaache nje ya vipimo, yamebanwa kutoka juu na yametanuka pembeni. Yaliyo wazi kama kipepeo, magamba mawili bado yameshikana, yatunze kuliko yote: linganisha kushoto na kulia, tofauti yoyote kati yake ni ya kubanwa, kwa kuwa mnyama ni mmoja.

Utakapopata wingu la nukta, usilikate vipande ili kupata spishi. Watafiti Davies na Trueman tangu 1927 walishaonyesha kwa makombe ya Karboni kwamba kundi la tabaka moja hutawanyika kuzunguka umbo la kawaida, na maumbo ya pembeni huunganishwa na ya katikati. Mawingu mawili yenye pengo katikati, kwa ukubwa unaolingana, hapo ndipo pa kuanza kufikiria spishi mbili.

---

Tabaka_la_Chini

Kuhusu jina la kuandika: kielelezo chenye vijino kamili, na ukishalinganisha na michoro ya Cox, kiandike "Palaeomutela sp." Chenye vijino hafifu upande mmoja, "Palaeomutela? sp." Alama ya kuuliza ikae mara baada ya jenasi, hapo inamaanisha shaka yako ni juu ya jenasi. Ukiihamishia mbele ya jina la spishi maana inabadilika. "cf." itumie pale unapofananisha na spishi iliyopo lakini ushahidi haujakamilika, "aff." ni pale unapoona ni jirani yake lakini si yeye. Haya hayabadilishani.

Yale yote ambayo bawaba haionekani yaandike "kombe la maji baridi, jenasi haijulikani", hata kama yametoka bamba moja na Palaeomutela. Najua inauma ukiwa na mabamba 46.

Spishi mpya usiiguse sasa. Huna tabaka la uhakika, alama za misuli hujazitaja, na una bawaba moja kamili. Kielelezo cha aina, yaani kile kinachobeba jina la spishi, kinapaswa kuwa na namba kwenye taasisi ya umma ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kukiona. Lipeleke suala hilo Makumbusho ya Taifa au GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma mapema, kabla namba zako za muda hazijaanza kutumika kwenye maandishi. Swali lililobaki ni alama za misuli. Kwenye lateksi ya namba 17, tazama mbele chini ya bawaba: alama ya mbele ni moja, au kuna nyingine ndogo pembeni yake?

---

Kibamba46

Namba 17 ni alama ya nje, mkuu, misuli haionekani. Lakini ile kalibu ya ndani yenye vijino kamili ina alama moja kubwa mbele, ya mviringo, imezama vizuri, na nyingine ndogo sana juu yake, karibu na bawaba. Ya nyuma ni hafifu na kubwa zaidi. Mstari wa joho haukatiki wala hauna ghuba. Nachora kesho na kuweka picha, mwanga juu kushoto.